Kadi Niliyodhani ni ya Mtihani

Mpenzi msomaji, kijana wako wa chuo akikujia jioni moja na kukuambia, "Mama, nahitaji shilingi 9,000 za kadi, bila kadi haiwezi kuanza," wewe utaelewa nini? Mimi nilielewa kadi ya mtihani. Ilikuwa Januari 2024, mwezi ambao kila mzazi wa Nairobi anaujua kwa ubaya wake, nami nilikuwa jikoni nikikata sukuma wiki. Sikuuliza la pili. Nilimaliza kukata mboga, nikajifunga leso, nikaenda kwa mwekahazina wa chama chetu, nikakopa. Kijana alipozipokea zile noti ndipo aliponieleza, kwa unyenyekevu mwingi ambao ungepaswa kunitia shaka mapema, kwamba kadi yenyewe ni kipande cha mtambo kinachotiwa ndani ya kompyuta ili iweze kuchora picha za mchezo.

Mchezo! Nilizichukua pesa zangu papo hapo, nikazirudisha ndani ya leso. Nilisema mengi usiku ule, na sehemu kubwa sitairudia hapa kwa sababu gazeti hili husomwa na watoto.

Kilichonilegeza ni simu ya kifungua mimba wangu. Huyu yuko Doha tangu 2022, kazi ya ulinzi, na kwa kawaida husema nami Jumapili kwa dakika tano: mzima, kazi nzuri, joto kali, nisalimie kanisani. Mara hii alipiga Jumanne. Akaniambia, "Mama, mpe. Huo mchezo nimemnunulia mimi ili tucheze pamoja Ijumaa, siku yangu ya kupumzika. Tangu niondoke hatujakaa pamoja hata saa moja." Hawa wawili, msomaji wangu, wamelala kitanda kimoja mpaka mkubwa alipomaliza Kidato cha Nne. Ningesema nini? Nilitoa pesa.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta, mimi ambaye kompyuta niliijua kazini kwa kuchapa barua tu, nikijifunza mambo ya ndani ya hiyo mashine (tarakilishi, kama walimu wa Kiswahili wanavyotaka tuiite). Nimeamua kukusimulia kwa kuwa najua si mimi pekee. Katika nyumba nyingi za mjini humu kuna kompyuta ya mtumba iliyonunuliwa kwa ajili ya masomo, na kijana anayesema kwamba ikiongezewa kitu kidogo tu itakuwa kama mpya.

Mchezo wenyewe unaitwa Baldur's Gate 3. Uliundwa na kampuni ya Larian Studios yenye makao yake katika mji wa Ghent, Ubelgiji, ukatolewa rasmi kwa kompyuta tarehe 3 Agosti 2023, na Desemba mwaka huo ukatangazwa mchezo bora wa mwaka katika tuzo za The Game Awards. Kanuni zake zinatokana na Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, waliutoa mwaka 1974. Wewe mchezaji ni mtu aliyetekwa na viumbe wa ajabu, ukaingizwa mdudu kichwani kwa kupitia jichoni, na sasa unatembea nchi nzima kutafuta dawa kabla mdudu huyo hajakugeuza uwe kama wao. Njiani unakutana na wenzako: mchawi, mwizi, kasisi na wengineo. Wachezaji wanne wanaweza kuingia pamoja, kila mmoja na kompyuta yake, hata kama mmoja yuko Doha na mwingine Umoja.

Nilichopenda mimi ni namna ya vita vyake. Hakuna kufyatua ovyo kama ile michezo mingine inayowafanya watoto kuruka vitini. Vita vikianza kila kitu husimama. Unangoja zamu yako, unahesabu hatua, unachagua kama utarusha mshale au utajificha nyuma ya jiwe, kisha dadu ya nyuso ishirini inaamua kama umepata au umekosa. Ni ndugu wa ile drafti ya vifuniko vya soda inayochezwa chini ya mti kule stendi. Adui yako naye hungoja. Kumbuka jambo hili, kwa maana linahusu mfuko wako kuliko unavyodhani.

Kabla sijaendelea, neno kwa wazazi wenye watoto wadogo. Mchezo huu Ulaya umewekwa alama ya miaka 18 kwenda juu. Mna damu, na mna mambo ya chumbani. Upo mpangilio wa kuwavisha nguo wale walio uchi, lakini hilo haliufanyi kuwa wa darasa la sita. Wangu wakati huo alikuwa na miaka 20.

Sasa twende kwenye mashine. Yetu niliinunua mwaka 2021 kwa shilingi 22,000 katika duka moja katikati ya jiji, kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika Ulaya, yenye kasha la kusimama. Prosesa yake ni Intel Core i5-6500, ya mwaka 2015. RAM ilikuwa gigabaiti 8, na diski ilikuwa ile ya kizamani inayozunguka, ya gigabaiti 500. Kwa masomo ya mtandaoni wakati wa korona haikuwa na kasoro.

Larian waliandika wazi kiwango cha chini cha kompyuta inayofaa: prosesa ya Intel i5-4690 au AMD FX 8350, RAM ya gigabaiti 8, kadi ya picha ya Nvidia GTX 970 au AMD RX 480 yenye kumbukumbu yake ya gigabaiti 4, na nafasi ya gigabaiti 150 katika diski ya SSD, ile isiyozunguka. Hicho ni kiwango cha kuanzia tu. Cha kustarehe ni Intel i7-8700K au Ryzen 5 3600, RAM gigabaiti 16, na kadi ya RTX 2060 Super au RX 5700 XT. Nikupe kitu cha kulinganisha: Baldur's Gate ya kwanza, iliyotoka 1998, ilikuja katika CD tano na iliridhika na RAM ya megabaiti 16. Gigabaiti 16 ni mara elfu moja ya hizo. Mwaka ule mimi nilikuwa msichana wa kuchapa barua, na kompyuta ya ofisi ilifunikwa kwa kitambaa kila jioni kama mtoto mchanga.

Ukiangalia orodha ya kiwango cha chini utaona prosesa yetu ilifaulu, RAM ilifaulu kwa tundu la sindano, diski ilifeli na kadi haikuwako kabisa. Lakini nani anayesoma orodha? Vijana walianza tu kuupakua. Mtandao wetu wa nyumbani ni wa megabiti 10 kwa sekunde. Piga hesabu: gigabaiti 150 kwa kasi hiyo ni zaidi ya saa thelathini mfululizo, mradi mtu yeyote asitazame video. Stima ilipotea mara mbili. Kwa bahati upakuaji wa siku hizi huendelea pale ulipokomea, la sivyo nyumbani kwangu pangefanyika matanga.

Ulipowaka kwa mara ya kwanza, bila kadi, kwa kutegemea uwezo mdogo wa picha uliomo ndani ya prosesa, nilikuwapo. Nilimwona mtu akiinua mguu. Nikaenda jikoni nikageuza ugali. Niliporudi mguu ulikuwa umefika chini. Labda natia chumvi kidogo, lakini si nyingi. Sinema hupita mbele ya macho kwa picha 24 kila sekunde, na jicho likaona mwendo laini. Michezo ya kompyuta hutaka 30, na wapenzi wake hasa hutaka 60. Yetu ilitoa 5 au 6.

Ndipo ikaja habari ya kadi.

Nilikwenda naye dukani mwenyewe, kwa kuwa pesa ni za chama na macho ni yangu. Sitalitaja duka. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, ananiita "Mama" kila sentensi. Alitoa boksi safi lililoandikwa GTX 1050 Ti, gigabaiti 4. "Mama, hii ni orijino, imetoka Dubai juzi." Mwanangu aliigeuza-geuza, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba bei ni rahisi mno. Nikamwambia tusipoteze muda, magari ya kurudi yatapanda nauli. Likumbuke neno hilo msomaji, kwa sababu mimi nililisahau upesi.

Tulifika nyumbani, akaifungua kompyuta, akaitia. Mchezo uliwaka, ukatoa muziki, halafu kioo kikawa cheusi na mashine ikajizima. Ikawaka tena. Ikajizima tena. Siku ya tatu hata barua za kawaida ilikuwa inaziandika kwa kukwama. Nami nilifanya kile ambacho wazazi hufanya tukiogopa hasara: nilitafuta mwenye kosa aliye karibu. Nilimwambia ameiua kompyuta ya ndugu yake. Nilimwambia kama angesoma badala ya kucheza, asingekuwa anarudia somo moja. Alisema mara moja tu, "Mama, kadi ndiyo mbovu." Nikamwambia mbovu ni yeye.

Tulikaa hivyo wiki tatu. Anakula, anaosha sahani yake, anaenda chumbani. Ijumaa mbili ndugu yake alipiga simu kutoka Doha akiuliza kama mambo yameiva, na mdogo akamjibu kwamba ana kazi nyingi za chuo.

Mwishowe nilimwita fundi wa mtaani, kijana anayetengeneza kompyuta kwenye kibanda karibu na kituo cha matatu. Alikuja na programu ndogo iitwayo GPU-Z, ambayo ni ya bure na kazi yake ni kuuliza kadi jina lake la kweli. Ilipomaliza, mbele ya jina la kadi yetu palitokea neno la Kiingereza lenye maana ya bandia. Fundi akaeleza bila haraka. Kuna watu huchukua kadi zilizochakaa, za kizazi cha mwaka 2010 hivi, zenye kumbukumbu ya gigabaiti 1, wakazibadilishia maandishi ya ndani ili zijitangaze kuwa mpya na zenye gigabaiti 4, wakazitia kwenye maboksi mazuri. Kompyuta huamini, kama nilivyoamini mimi. Mchezo ukianza kuidai kadi kumbukumbu ambayo haina, kila kitu huanguka. Kijana wangu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza yote. Hakusema neno.

Mzazi wa Kiafrika haombi msamaha kwa mdomo, hupika chapati. Nilipika. Alikula mbili, akasukuma sahani, akasema, "Mama, sema tu." Basi nikasema. Niliona aibu kuliko siku niliyokopa.

Duka lilikataa kuipokea kadi. Risiti ilikuwa na mstari wa chini kabisa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na yule mchangamfu hakuniita Mama tena. Kwa hiyo shilingi 9,000 zilikwenda na maji, na ikiwa kuna jambo moja tu utakalolikata na kulibandika ukutani kutoka ukurasa huu, liwe hili: usilipe kadi ya picha kabla haijachomekwa kwenye kompyuta dukani hapo hapo na ile programu ikaisoma mbele ya macho yako. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia. Ni dakika tano.

Mara ya pili fundi ndiye aliyetuongoza, Machi mwaka huo. Alituchagulia GTX 1650 ya mtumba yenye gigabaiti 4, shilingi 14,000. Kwa nini hiyo? Kwa sababu kompyuta za ofisi zina kisanduku cha umeme chenye nguvu ndogo, na ndani hazina zile nyaya za ziada ambazo kadi kubwa huhitaji. GTX 1650 ya aina ile hula wati 75 tu, zote kutoka kwenye tundu inamochomekwa. Mtu akikuuzia kadi kubwa ya kutisha kwa ajili ya kompyuta ya ofisi, atakuwa amekuuzia pia kisanduku kipya cha umeme na pengine kasha jipya, ila hajakuambia. Tukaongeza RAM ikawa 16 kwa shilingi 3,000. Diski ya SSD tuliiacha kwanza, chama hakina mwisho mwema kwa wakopaji wa mfululizo.

Ukawaka. Msituni, ambako sehemu ya kwanza ya hadithi hupita, mashine ilitoa picha kati ya 35 na 45 kwa sekunde, mapambo yote yakiwa yameteremshwa chini. Kulikuwa na ujanja mmoja uliosaidia, unaitwa FSR, wa kampuni ya AMD: kompyuta huchora picha ndogo kwanza, halafu huipanua ijaze kioo kwa namna ambayo jicho haligundui upesi. Nyuzi za nywele na majani ya mbali hutikisika kidogo, basi. Nvidia wana ujanja wao bora zaidi, DLSS, lakini GTX 1650 haina sehemu za kuufanyia kazi. Kijana pia aliufungia mchezo usipite picha 30, maana ni afadhali 30 zisizoyumba kuliko 45 zinazoanguka mara 28 kisha zikapanda tena. Katika kuuanzisha kuna kuchagua njia mbili, Vulkan au DirectX 11. Kwetu ya pili ilitulia zaidi.

Hapa ndipo ile drafti inaporudi. Katika mchezo wa kufyatua risasi, picha 30 ni adhabu, unakufa kabla hujamwona aliyekuua. Katika huu, dadu haijali. Ukingoja nusu sekunde ya ziada, adui bado anangoja zamu yake. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba kwa familia yenye kompyuta ya kawaida, michezo ya zamu ndiyo inayosamehe umaskini.

Stima nayo nilikuwa nimeiogopa bure. Kompyuta pamoja na kioo chake haikuwa ikivuka wati 200, kwa hiyo saa nne za Ijumaa hazimalizi yuniti moja ya tokeni. Pasi ya wati 1,000 huimaliza kwa saa moja. Tangu siku hiyo nikikuta nguo moja inapigwa pasi peke yake ndipo napiga kelele.

Lakini ile diski ya kuzunguka! Larian wamesema SSD, nao hawakutania. Umo mpangilio wa kuzisaidia diski za polepole, tukautumia, na bado kuingia mchezoni kulichukua dakika tano au sita. Ukishaingia, watu walitokea kwanza bila sura, kama sanamu za udongo, kisha nyuso zikaja zikajibandika. Ndugu mmoja Doha amekwisha kuingia, anangoja. Mwingine Umoja anakodolea mstari unaosogea. Basi wakawa wanaongea.

Nami nilikuwa nikishona sebuleni, mita mbili kutoka hapo, na kijana hakuwa na vile vya kuvaa masikioni, sauti ilitoka kwenye spika. Mpenzi msomaji, katika miaka miwili ya simu za Jumapili sikuwahi kumsikia mwanangu hivi. Alicheka kicheko chake cha utotoni. Alieleza jinsi mwenzake wa chumba kutoka Nepal alivyomfundisha kupika dengu. Aliimba kidogo. Halafu Ijumaa moja ya Mei, wakingoja ule mstari, alisema kama mtu anayetaja mvua, "Huu mwezi wa pili hawajatulipa. Usimwambie Mama."

Sindano ilisimama mkononi mwangu. Mdogo aligeuka akanitazama. Spika haikunitazama, iliendelea. Wanakula kwa kuchangishana, wanaambiwa mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi. Kisha mstari ukafika mwisho, akasema, "Haya, tayari, twende," wakaanza kupigana na majoka.

Ningemkatiza? Sikuweza. Jumapili alipopiga akasema mzima, kazi nzuri, joto kali. Nikamwambia, "Baba, dengu umezipika kwa nazi au kwa nyanya?" Akanyamaza. Kompyuta ya Nairobi imesaliti, nadhani ndivyo alivyowaza. Kisha akaniambia yote, na tukaongea dakika arobaini, mara ya kwanza tangu aondoke. Malimbikizo yake aliyapata mwezi wa Julai, si kamili lakini mengi. Nisingejua lolote kama mashine yetu ingekuwa na kasi.

Kwa hiyo utanielewa nikikuambia kwamba tuliponunua SSD mwezi wa Agosti, shilingi 4,500, sikushangilia kama kijana. Kuingia mchezoni kulishuka kukawa chini ya dakika moja, nyuso zikaja pamoja na watu wake. Ni kifaa kilichotupa faida kuliko vyote kwa bei yake, na kompyuta nzima, hata kwa kazi za chuo, ikawa kama imezaliwa upya. Kama una shilingi za jambo moja tu, anza na hilo. Mimi nililazimika kutafuta visingizio vingine vya kukaa sebuleni.

Niseme pia mahali ambapo mashine yetu ilishindwa. Sehemu ya tatu ya hadithi hufanyika katika mji wenyewe wa Baldur's Gate, soko, bandari, watu kila pembe, na kila mmoja wa hao watu ana njia yake ya kupita na shughuli yake. Hesabu hizo hufanywa na prosesa, si na kadi. Tulipofika huko picha zilianguka zikawa kati ya 18 na 25, na kijana aliposhusha mapambo chini zaidi hakuna kilichobadilika, kwa sababu mapambo ni mzigo wa kadi, na kadi ilikuwa imekaa inangoja. Wengi hupoteza pesa hapa kwa kununua kadi kubwa zaidi. Ukiona kushusha mapambo hakusaidii, aliyechoka ni prosesa. Larian walitoa marekebisho mengi baada ya mchezo kutoka yaliyoupunguzia mji huo uzito, na ulipungua kweli, lakini i5 ya 2015 yenye viini vinne haiwi kijana. Walimaliza hivyo hivyo, kwa subira, Februari 2025.

Na kuna jambo la Windows. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Microsoft hawazihesabu prosesa za umri wa hii yetu miongoni mwa zinazofaa kwa Windows 11. Ukienda leo kununua kompyuta ya ofisi ya mtumba, uliza prosesa ni ya kizazi gani. Ya kizazi cha 8 kwenda mbele itakugharimu zaidi kidogo, ila inakubalika, na hata mji ule itaupitia kwa nafuu.

Desemba 2025 kifungua mimba alikuja likizo ya wiki tatu. Laptopu yake aliiacha Doha kwa yule mwenzake wa Nepal, mizigo ilijaa zawadi. Jioni ya pili wakaamua kucheza wote wawili hapa nyumbani, kwa kugawa kioo kimoja vipande viwili, jambo ambalo mchezo unaruhusu. Wakaazima padi mbili za kuchezea kwa jirani. Kumbe kugawa kioo ni kuilazimisha mashine ichore dunia mbili kwa wakati mmoja. Ile iliyoweza kuunganisha Nairobi na Doha ilitoa picha 12 kwa sekunde, ikapuliza feni yake kama ndege inayotaka kuruka. Mdogo akanifariji kwamba hata wakubwa walikwama hapo: Xbox Series S ya Microsoft ilipata mchezo huu Desemba 2023 bila uwezo wa kugawa kioo, ikaupata Aprili 2025.

Basi wakazima nusu moja. Mdogo akashika padi, mkubwa akakaa kwenye mkono wa kochi akitoa amri. "Rudi nyuma! Si hapo, wewe! Mtume mwizi kwanza!" Niliwaletea chai, wakaipokea bila kunitazama, wakibishana ni nani atakayerusha dadu.